Shimo la Kuzeesha Vinyago

Mwaka wangu wa pili Kigoma kitanda changu kilivunjika mguu, na ndivyo nilivyomfahamu fundi. Nilikuwa nafundisha historia katika shule ya sekondari, nimepangiwa huko kutoka Iringa, nimepanga chumba mtaa wa Mwanga, hatua chache kutoka sokoni. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Warundi walikuwa wameshajaa kambini, na sasa boti zilileta watu wa Kongo karibu kila siku. Wengine walishukia ufukweni Kibirizi na godoro kichwani, wengine hata viatu hawakuwa navyo. Serikali iliwapeleka kambini. Lakini wenye ndugu Ujiji walijipenyeza kwa ndugu zao, na hakuna aliyewauliza sana, maana Kiswahili walikuwa nacho, na Ujiji imezoea watu wa ng'ambo tangu zamani.

Fundi alikuwa mmoja wao. Mbembe kwa kabila, mwanamume wa miaka kama arobaini, mpole, mwenye vidole vifupi vilivyojaa makovu. Alikaa Ujiji nyuma ya nyumba ya binamu yake, pamoja na mke, watoto wanne na mama yake mzazi. Nilimwagiza mguu mmoja wa kitanda, wa kawaida tu. Alileta mguu wa mninga wenye pete tatu zilizochongwa kwa tezo, zinazofuatana kama shingo ya mtu aliyevaa shanga. Nilimwambia sina hela ya urembo.

"Sikukuomba hela ya urembo, Mwalimu," alisema. "Mti wenyewe ulikuwa unataka hivyo."

Baba yake alikuwa mchongaji, na babu yake pia. Kule kwao alichonga viti, milango, na vitu vingine ambavyo hakutaka kuvitaja mbele ya watu wa kanisa. Hapa alitengeneza vitanda na majeneza.

Nilikuwa na kitabu kimoja kikuukuu nilichonunua nikiwa chuoni, chenye picha. Ukurasa mmoja ulikuwa na kinyago kutoka Kongo. Ukurasa wa pili ulikuwa na mchoro wa mwanamke mwenye uso uliokatika vipande, uliochorwa na Mzungu baada ya kuona kinyago kama kile. Kila mwaka niliwaonyesha wanafunzi kurasa hizo mbili nikiwaambia kwamba sanaa ya Ulaya ilibadilika kwa sababu ya mikono yetu. Nililipenda somo lile. Nilikuwa natembea darasani kifua mbele.

Nikampelekea fundi kitabu. Alikiangalia muda mrefu, amekiweka mapajani kama mtoto mchanga.

"Huyu alitumia tezo yenye mpini mfupi," alisema akigusa kinyago. "Na hapa shavuni alikuwa na haraka. Labda mvua ilikuwa inakuja." Kisha akaugeukia mchoro wa Mzungu. "Na huyu alimwangalia mwenzake vizuri. Si mwizi mbaya. Anaitwa nani?"

Nikamsomea jina la mchoraji.

"Na huyu wa kinyago?"

"Hawakuandika. Wameandika Kongo tu."

Alicheka kidogo, akanirudishia kitabu.

Mnunuzi alikuja muda si mrefu baada ya hapo. Alishuka na treni ya Dar es Salaam, akapanga hoteli inayotazama ziwa. Alikuwa Mzungu mwembamba wa makamo, mwenye adabu sana. Alisema tafadhali hata kwa watoto. Alikuwa ananunua vitu vya mbao ambavyo wakimbizi walivuka navyo: viti, vichana, mito ya kulalia, sanamu. Alihitaji mkalimani wa siku za Jumamosi, mkuu wa shule akanitaja mimi. Mshahara ulikuwa unachelewa, sikusita.

Jumamosi ya kwanza nilimpeleka moja kwa moja kwa fundi. Nilikuwa najivuna kana kwamba vitu vyake nimevichonga mimi. Fundi alitandika mkeka, akapanga vitu vitano alivyovichonga hapa hapa Ujiji. Kulikuwa na kigoda kilichobebwa na mwanamke aliyepiga magoti, na uso wa mwanamke yule hadi leo nikifumba macho ninauona. Alikuwa amechoka lakini hakuwa ameshindwa. Mnunuzi aliinama akavitazama, mikono nyuma.

"Ana mkono mzuri," alisema. "Lakini ni vipya."

Nilimuuliza kuwa vipya kuna ubaya gani.

"Vipya ni vya watalii. Kazi ya kweli ya Afrika ni ile iliyofanywa kabla ya mchongaji kujua kwamba sisi tutaitazama."

Nilitafsiri. Fundi alifikiri, akaviokota vitu vyake kimoja kimoja, akavifunga ndani ya mkeka.

"Basi nimechelewa kuzaliwa," alisema. "Muulize anataka uzee wa miaka mingapi."

Nilidhani ni mzaha, sikuuliza. Wiki tatu baadaye akaniita nyuma ya nyumba.

Harufu ilinipokea kabla sijapita kona ya choo. Alikuwa amechimba shimo karibu na ukuta wa choo kile, refu kufika kiunoni. Ndani alikuwa amemimina samadi ya mbuzi, mkojo wa nyumba nzima, matumbo ya samaki, migebuka, aliyoyaokota ufukweni, na maji ya mihogo iliyolowekwa mpaka ikaoza. Juu yake nzi walikuwa wametanda kama blanketi. Fundi alivua shati, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa, akatoa kigoda kile. Yule mwanamke aliyepiga magoti alitoka na utumbo wa samaki umemwangukia jichoni. Pua ilikuwa imeliwa. Kiganja kimoja kilikuwa kimelainika, na fundi alipokibonyeza kwa kidole gumba kilimeguka kama ugali.

Nilitapika pale pale, kwenye shina la mgomba. Fundi hakuniangalia.

"Nilitumia wiki mbili kumchonga huyu," alisema, "na wiki tatu kumharibu. Anayelipwa ni mharibifu."

Alikianika juani, akakipaka mawese na masizi, akakisugua kwa gunia, akarudia. Jumamosi iliyofuata mnunuzi alikishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi. Akauliza kilitumika kwa kazi gani.

Nikamtafsiria fundi. Fundi alikuwa amekaa kizingitini, anasafisha kucha kwa msumari.

"Mwambie chochote," alisema.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Badala yake nilifungua mdomo. Nilisema kigoda hiki kilikuwa cha mke mkubwa wa mtemi, kwamba alikikalia mara moja tu kwa mwaka, mvua ikichelewa, na kwamba hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kukiona. Mambo ya Wabembe sikuyajua hata kidogo. Nilichanganya vipande nilivyosoma chuoni na vipande nilivyosikia kwa bibi yangu Iringa, mlimani, mbali kabisa na ziwa lolote. Mnunuzi aliandika kila neno katika daftari lake dogo. Na mimi, mwalimu wa historia, niliona raha. Ninaona aibu kuliandika hili, lakini ni kweli. Niliona raha kusikilizwa namna ile.

Ikaendelea hivyo miezi kadhaa. Shimo likala vichwa vya mbao, likala vichana, likala sanamu ya mama aliyebeba mtoto. Kila kitu kilitoka kimeoza kiasi kile kile kinachotakiwa, na mimi nikakipa maelezo. Nguo zangu za Jumamosi nilizifua peke yake kwa sabuni ya mche mara mbili, na bado darasani Jumatatu nilijinusa mkono nikasikia samaki. Nilianza kuziruka zile kurasa mbili darasani. Nilisema muda hautoshi.

Kisha mnunuzi akasikia, sijui kwa nani, kwamba mama yake fundi ana kitu cha kweli.

Ilikuwa kweli. Yule mama alikuwa mzee, mdogo wa umbo, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alivuka ziwa na sanamu ya babu wa ukoo wao, ameifunga kwa kanga na kuibeba mgongoni kama mjukuu, kwa sababu kwenye boti askari walikuwa wanapekua mizigo lakini hawakupekua watoto waliolala. Aliiweka ndani ya kapu chini ya kitanda. Aliipaka mawese kila baada ya siku chache na kuisalimia asubuhi. Wageni wa kanisani wakija, kapu lilifunikwa.

Mnunuzi alinisihi nimwombee aione tu, asitaje hata bei. Nikaenda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

Nilimweleza kwamba mgeni ni mtu anayeheshimu kazi za wazee. Nikamweleza habari ya kitabu changu, kwamba wachoraji wakubwa wa Ulaya walipoona vitu kama hivi walibadilika, hawakuchora tena kama zamani.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walibadilika wakawa nani?" aliuliza.

Nilisema walijifunza.

"Wakijifunza, wanasalimia?"

Nikasema ndiyo, huyu anasalimia, ana adabu. Ndiyo yangu hiyo ndiyo iliyomshawishi. Alinikubalia mimi, hakumkubalia yeye.

Mnunuzi alikuja alasiri, amevaa shati safi. Alimsalimia mama kwa Kiswahili nilichomfundisha, akainama vizuri. Mama akaivuta sanamu kutoka kwenye kapu, akaiweka juu ya kanga mpya iliyokunjwa. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, kama urefu wa mkono hadi kiwiko, nyeusi ya kung'aa, tumbo limelainishwa na vidole vya watu waliokwisha kufa. Macho yake yalikuwa yamefumbwa nusu. Vile vyote tulivyotoa shimoni vilionekana mara moja kuwa uongo mbele yake, na hata mimi nisiyejua kitu nililiona hilo.

Mnunuzi hakungoja. Aliinyanyua. Akaipindua kichwa chini, akaitazama katikati ya miguu. Akakwaruza mgongo kwa ukucha, akanusa ukucha. Kisha akaisogeza mdomoni, akatoa ulimi, akailamba. Polepole, kutoka kiunoni hadi shingoni, kama mtu anavyolamba mchuzi kwenye mwiko. Akafumba macho akionja. Mate yalibaki yanang'aa mgongoni mwa babu yao.

"Amefanya nini?" mama aliuliza. Alikuwa ameona. Aliuliza ili mtu amwambie sivyo.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, anatazama chini.

Mnunuzi alinigeukia akitabasamu. "Ni chumvi," alisema. "Kitu kilichozeeka mikononi mwa watu kina chumvi ya jasho. Kilichozeeshwa shimoni kina uchungu wa mkojo, hauishi hata ukipaka mafuta mwaka mzima."

Nilimwangalia. Naye aliniangalia bila hasira yoyote.

"Vile vingine nimevilamba vyote hotelini," alisema. "Tangu kigoda cha kwanza."

Nilimuuliza kwa nini basi alivinunua.

"Kwa sababu yako. Unasimulia vizuri sana. Wateja wangu hawalambi, wanasoma." Akacheka kicheko cha kirafiki, kama watu tuliokuwa tukicheza mchezo mmoja siku zote na sasa tumekutana uwanjani.

"Anasema nini?" fundi aliuliza.

"Anasema ni nzuri sana," nilisema.

Mnunuzi akataja bei. Nilipoitafsiri mama alinyoosha mikono yote miwili, akaichukua sanamu kutoka kwake, akaifuta mgongo kwa upindo wa nguo yake, akafuta tena, akafuta tena. Tukatoka. Njiani mnunuzi aliniuliza kama nimekasirika. Alikuwa anauliza kwa nia njema, na nia njema ile ilinichefua kuliko ulimi.

Nilimwambia sitakuja Jumamosi ijayo. Alinishukuru kwa kazi yote. Wiki ile alikuwa ameshapata mkalimani mwingine.

Nilikaa wiki mbili bila kwenda Ujiji. Nilipokwenda, mama alikuwa anapepeta unga wa muhogo uani. Hakuniambia nikae. Nilisimama.

"Siku ile alicheka," alisema. "Wewe ulisema anasema ni nzuri. Mtu hacheki vile kwa kitu kizuri."

Nikamweleza yote. Shimo alilijua, alikuwa akilala hatua kumi kutoka hapo. Nilimweleza kwamba Mzungu alikuwa akijua tangu mwanzo, na kwamba alichokuwa ananunua hasa ni maneno yangu. Nilimweleza maneno yenyewe pia, habari ya mke wa mtemi na mvua. Aliacha kupepeta.

"Ulisema hayo ni yetu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulinikuta hapa siku zote. Mbona hukuniuliza?"

Alisema hivyo kwa upole, kama anayeuliza mbona sikuingia kunywa chai. Kisha akaendelea na unga wake. Nikaaga, hakuitikia.

Miezi michache baadaye ukaja msako. Wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini bila kibali walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kambini, na familia ya fundi ilikuwamo. Nilifika Ujiji nikakuta binamu yake anafukia shimo kwa koleo, kitambaa puani. Alinilaani bila kuniangalia. Alisema majirani wamelalamika mwaka mzima, na yeye ndiye aliyebaki na uvundo.

Fundi nilimwona tena baada ya kama mwaka na nusu, sokoni Mwanga. Alikuwa amepata kibali cha kutoka kambini siku ile, anauza vinu, michi na miiko. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana vizuri. Nilimuuliza habari ya mama.

"Mama alituacha kabla ya masika," alisema. "Kifua."

Nilimpa pole. Nilisimama nikishikashika mwiko, na mwisho nikauliza nilichotaka kuuliza, kama walimzika na sanamu ile.

"Hapana. Aliuza."

"Nani aliuza?"

"Mama mwenyewe. Yule Mzungu alifika hadi kambini na mkalimani wake. Mimi nilikataa, Mwalimu. Nilitaka kumfukuza. Mama akaniambia niache, aichukue. Akasema tangu siku ile babu alipolambwa hajawahi kumsikia tena. Kila asubuhi anamsalimia, anaona anasalimia mti. Akasema mti unauzwa." Aligeuza kinu kimoja ili upande wenye ufa usionekane. "Tulinunua turubai, na dawa. Dawa hazikusaidia."

Nilinunua mwiko. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Alinifungia kwenye gazeti, akanirudishia chenji ambayo sikuitaka, akamgeukia mteja mwingine.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na watu ninaowasimulia hutaka kumchukia Mzungu. Nami nilimchukia, na bado nikikumbuka ulimi ule nasogeza sahani. Lakini babu yule alimlamba mara moja tu. Mimi nilimwambia yule mama kwamba mgeni anasalimia. Mimi ndiye niliyekaa kwenye mkeka wa watu waliokimbia wakiacha kila kitu, wakabaki na mambo yao ya ukoo tu, nikayafunika hayo nayo kwa mambo ya bibi yangu, kwa sababu nilipenda kuona kalamu ikikimbia. Sijui vile vigoda viko wapi. Ninajua viko mahali, chini ya taa nzuri, na pembeni yake kuna kikaratasi chenye uongo wangu kwa lugha safi, na pengine mwalimu fulani amesimama hapo na wanafunzi wake akiwaambia kwamba ulimwengu ulibadilishwa na mikono kama hii. Na hilo kuhusu mikono ni kweli, ndilo linalouma.

Yule mkalimani aliyechukua nafasi yangu alikuwa mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, kijana aliyepangiwa kutoka Mbeya, mcheshi, msaidizi wa kila mtu. Aliendelea na kazi ile hadi mnunuzi alipoacha kuja. Alinunua baiskeli, akamsomesha mdogo wake. Kila asubuhi katika chumba cha walimu aliniamkia, "Habari za asubuhi, dada," akanimiminia chai kabla ya kujimiminia mwenyewe. Hakufanya lolote ambalo mimi sikulifanya kabla yake, na huenda hakutunga hata nusu ya nilivyotunga. Sikuwa na haki ya kumchukia. Nilichukua kikombe changu nikaenda kunywea nje, jua likiwaka, kila asubuhi, mpaka nilipopata uhamisho.